MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Mtoto Mkimya Si Lazima Awe Mpole

Ndugu msomaji,

Mwezi huu tuache mahindi na mbolea kidogo. Tuzungumze juu ya mche mwingine, nao ni mtoto mchanga.

Huenda utauliza, "Bwana Shamba ana nini na watoto wachanga?" Hilo ni swali zuri. Sikiliza habari hii, kisha utajibu mwenyewe.

SAFARI YA GEREZANI

Mashine yetu ya kukoboa ilivunjika beringi. Kijiji kilinituma Dar es Salaam kununua nyingine. Wenye mashine wanajua kwamba vipuri vinapatikana Gerezani, jirani na Kariakoo. Huko kuna maduka ya vipuri na mafundi wa vyuma. Nyundo zinagonga tangu asubuhi mpaka jioni.

Gerezani yupo mpwa wangu, binti wa dada yangu. Yeye ni mama lishe. Anawapikia mafundi na wauza vipuri chai, wali na maharage. Ana mtoto mmoja wa kike. Wakati huo mtoto alikuwa na miezi 11.

Mpwa wangu huamka usiku. Saa kumi na moja alfajiri humpeleka mtoto kwa mama mmoja anayelea watoto nyumbani kwake, kisha huwasha moto. Humchukua mtoto saa kumi jioni. Hizo ni saa 11 kila siku, siku sita kwa juma. Kwa hiyo, mchana mzima mtoto hulelewa na yule mama.

NILIVYOKOSEA

Siku hiyo nilikwenda na mpwa wangu kumchukua mtoto. Tulikuta chumba kimoja chenye watoto 13. Mkubwa alikuwa na miaka mitatu. Mdogo alikuwa na miezi minne. Mlezi alikuwa mmoja tu.

Mtoto wetu alikuwa amekaa pembeni ukutani. Hakulia wala hakucheka. Mama yake alipoingia hakunyoosha mikono.

Mimi nikasema, "Mwanangu, umebarikiwa. Mtoto wako ni mpole sana."

Mpwa wangu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mjomba, zamani hakuwa hivi. Alikuwa anacheka na kila mtu. Sasa hata nikimwita hageuki upesi."

Maneno hayo yalinichoma. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi. Nimewafundisha wafugaji wengi jambo hili: kifaranga mzima hupiga kelele, hukimbia na huchakura. Kifaranga anayejikunyata pembeni kimya ni mgonjwa. Kwa kifaranga nalijua jambo hili. Kwa mjukuu wangu nilisema ni upole!

Jioni ile niliomba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri mpaka mwezi wa nane. Baada ya hapo ulilala. Kwa miezi mitatu mtoto hakuongezeka. Mwezi wa nane ndio mwezi alioanza kupelekwa kule.

Kesho yake mpwa wangu hakupika. Tulimpeleka mtoto kituo cha afya. Walimpima, wakatazama masikio yake na macho yake. Hawakuona ugonjwa. Mganga akauliza, "Mchana anakula nini? Na nani anaongea naye?" Sote wawili hatukuwa na jibu.

MLEZI NAYE NI BINADAMU

Nilikuwa na hasira. Nilitaka kwenda kumgombeza yule mama. Mpwa wangu akanizuia. "Mjomba, ukimgombeza, kesho nitamwacha mtoto wapi? Nikikosa kupika siku tatu, mafundi watahamia kwa mwingine."

Basi tulikwenda kwa upole. Yule mama ana umri kama wa miaka sitini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Nilikaa pale kutwa nzima, nikatazama. Mama yule si mtu mbaya. Alianza kupika uji kabla hakujapambazuka. Aliosha nepi. Alimbeba mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Mtoto aliyelia sana alichukuliwa kwanza. Aliyenyamaza alisubiri. Watoto wakimya waligundua kwamba hakuna anayekuja, wakaacha kuita. Mtoto wetu alikuwa mmoja wao.

Jambo jingine lilinishangaza. Mpwa wangu hupika umbali wa dakika tano tu kutoka pale. Lakini hakuwahi kwenda kunyonyesha mchana. Mlezi alimwambia, "Usije, akikuona atalia na kuwaliza wenzake." Kwa ajili ya kuogopa kilio, mtoto alikosa maziwa ya mama yake kutwa nzima.

TULIKAA TUKAHESABU

Jumapili mpwa wangu aliwaita wazazi wenzake. Walikuja kina mama tisa na baba mmoja. Mlezi naye alikuwapo. Tulihesabu pamoja.

Kila mtoto alilipiwa shilingi 1,500 kwa siku. Watoto 13 ni shilingi 19,500. Kwenye fedha hiyo mlezi hutoa kodi ya chumba, mkaa, unga, maji na sabuni. Kinachobaki ni kidogo. Hawezi kumlipa msaidizi.

Nikauliza, "Je, kila mzazi akiongeza shilingi 500?" Shilingi 500 mara 13 ni shilingi 6,500 kwa siku. Hizo zingetosha kumpata msaidizi mmoja mtu mzima.

Yakatokea maneno. Mama mmoja alisema, "Wewe unasema shilingi 500, mimi kwa siku nabaki na elfu tatu." Alisema kweli. Hakuna aliyemcheka. Mwishowe wazazi wawili walishindwa, wakawatoa watoto wao. Watoto walibaki 11. Fedha ya msaidizi ikawa shilingi 5,500 kwa siku, na mlezi mwenyewe akapungukiwa shilingi 3,000 kila siku. Ilikuwa vigumu kwake kukubali. Alikubali kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma, na kwa sababu alimwona mtoto mmoja akianguka wakati yeye yuko uani.

Ndugu msomaji, nakuambia mambo haya ya fedha kwa makusudi. Malezi mazuri yanataka mikono, na mikono ina gharama. Tusiwalaumu walezi tu huku tukiwalipa bei ya chini kabisa.

MAMBO MATANO ANAYOHITAJI MTOTO

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo. Serikali yetu nayo ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021. Ilipangwa kwa miaka mitano, kuanzia 2021/22 hadi 2025/26. Inahusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Wote wanasema mtoto anahitaji mambo matano:

1. Afya bora. Apate chanjo zote. Chanjo ya surua na rubella hutolewa mara mbili, akiwa na miezi 9 na miezi 18. Wengi husahau ile ya pili.

2. Lishe ya kutosha. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo aanze chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

3. Ulinzi na usalama. Asiumie, asipigwe, asitishwe.

4. Malezi yenye mwitikio. Maana yake ni hii: mtoto akiita, wewe unaitika. Akikutazama, unamtazama. Akisema "ba-ba-ba", unamjibu. Akilia, unatafuta sababu.

5. Kujifunza mapema. Mtoto hasubiri shule ndipo ajifunze. Anajifunza tangu siku ya kwanza. Miaka ya mwanzo ubongo hukua kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote wa maisha.

Mtoto wetu alikuwa na chanjo zote. Lakini jambo la pili lilipungua, na la nne na la tano hayakuwapo kabisa.

KUBADILISHA NEPI NI SOMO

Mlezi aliniuliza, "Mwanangu, nina watoto 11. Nitapata wapi nafasi ya kuwafundisha?"

Nilimweleza habari ya daktari mmoja mwanamke, Emmi Pikler. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alianza kuongoza nyumba ya watoto wachanga wasio na wazazi katika mji wa Budapest, nchi ya Hungaria. Alijua kwamba chakula na usafi peke yake havitoshi. Aliwafundisha walezi wasifanye haraka wanapomwosha mtoto, wanapomlisha na wanapombadilisha nguo. Wakati huo mlezi awe wa mtoto huyo mmoja tu. Amwambie anachofanya kabla ya kumgusa, na amngoje ashiriki.

Hakuna kitabu wala chombo cha kununua hapo. Nepi lazima ibadilishwe. Uji lazima unywewe. Kazi ni ileile, ila maneno yanaongezeka. Fanya hivi:

Mwite mtoto kwa jina lake. Mtazame usoni. Mwambie, "Sasa nakuvua shati. Leta mkono." Ngoja kidogo. Siku moja ataleta mkono mwenyewe. Siku hiyo amejifunza neno, amejifunza mwili wake, na amejifunza kwamba anasikilizwa.

Wakati wa kulisha, usimshike kichwa ukamsukumia uji mdomoni. Ngoja afungue kinywa. Taja unachompa: "Huu ni uji. Hii ni ndizi."

Kisha gawaneni watoto. Mlezi mmoja awe na watoto wake, na msaidizi awe na wake. Mtoto mchanga anataka uso mmoja anaoujua. Akishikwa na kila mtu, anakuwa hana mtu.

Na vitu vya kuchezea? Sufuria ndogo na kijiko vinatosha. Kipande cha kanga kinatosha kucheza "nipo, sipo". Kikapu chenye vitambaa vya rangi mbalimbali kinatosha. Nyimbo tulizoimbiwa na bibi zetu hazinunuliwi. Mpe mtoto nafasi sakafuni kwenye mkeka safi ajigeuze, atambae, asimame. Asifungwe mgongoni kutwa nzima.

UJI WA MTOTO

Hapa sasa Bwana Shamba yuko nyumbani kwake.

Nilifunua unga wa uji pale kwa mlezi. Ulikuwa umenunuliwa kwa bei rahisi. Ulikuwa na harufu ya kuvu.

Mahindi na karanga zilizopata unyevu huota kuvu. Aina nyingine ya kuvu hutoa sumu. Tunaiita sumukuvu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtoto mdogo huumia zaidi, kwa sababu kila siku anakula chakula kilekile.

Kwa hiyo:

- Chagua nafaka safi. Tupa punje na karanga zenye rangi mbaya, zilizosinyaa au zilizoota kuvu. Usiwape hata kuku.
- Anika juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Hifadhi mahali pakavu.
- Usichanganye nafaka saba na kunde ndani ya unga mmoja. Kila kimoja kina muda wake wa kuiva. Nafaka moja au mbili na karanga kidogo zinatosha.
- Uji uwe mzito kiasi cha kushika kijiko. Uji mwepesi ni maji. Unajaza tumbo bila kumlisha mtoto.
- Ongeza yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, mchicha, parachichi au papai.
- Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati, kama tunda.
- Usimpe asali mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja.

Nawe mkulima unayeuza mahindi Kariakoo, kumbuka. Gunia lako bichi litakuwa uji wa mtoto wa mtu. Huenda likawa uji wa mjukuu wako.

HATARI ZA CHUMBANI

Gerezani vipande vya vyuma vimejaa kila mahali. Skrubu, nati na betri ndogo humezwa na watoto. Betri ndogo ya duara ni hatari sana. Mtoto akiimeza, mpeleke hospitali mara moja.

Ndoo ya maji ifunikwe. Mtoto anaweza kuzama hata katika maji machache. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake huua bila harufu. Mtoto mchanga alazwe chali, ndani ya chandarua. Mlezi anawe mikono kwa sabuni kila akimaliza kubadilisha nepi na kabla ya kugusa chakula.

Na jambo moja la mwisho. Wako walezi wanaowapa watoto dawa ya mafua ili walale. Hiyo si kulea. Ni kumtilia mtoto sumu. Ukiona mtoto wako analala kupita kawaida kila ukimchukua, uliza.

KIJIJINI KWETU JE?

Usiseme, "Hayo ni ya mjini." Nitakiri kosa langu jingine. Mwezi wa nane ule mpwa wangu aliandika akiomba msichana wa kumlea mtoto. Dada yangu alitaka kumpeleka binti wa miaka 12, aliyekuwa darasa la tano. Mimi nilisema, "Si mbaya, atapata nauli na nguo." Mwalimu wa shule alitukatalia. Leo namshukuru. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Tena, mtoto hawezi kumlea mtoto mwenzake kutwa nzima. Tungeharibu watoto wawili kwa siku moja.

Kulea watoto pamoja si jambo geni kwetu. Miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, vijiji vingi vilianzisha vituo vya kulelea watoto mchana ili kina mama wapate kwenda shambani. Mwaka 1981 ikapitishwa sheria ya vituo hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikachukua nafasi yake. Kituo kinatakiwa kisajiliwe. Anayetaka kuanzisha amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Usimwogope afisa huyo. Yule mama wa Gerezani alidhani watamfungia. Walikuja wakamwonyesha vya kurekebisha: choo, dirisha na daftari la watoto. Bado anaendelea kurekebisha.

Mama aliyeajiriwa naye ajue haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anapewa nafasi ya kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Lakini mama lishe na mkulima hawana mwajiri. Wao hujipangia. Mpwa wangu alijipangia hivi: saa nne, baada ya chai, anakwenda kunyonyesha. Saa tisa, baada ya chakula cha mchana, anakwenda tena. Mdogo wa jirani yake humshikia meza.

Siku ya kwanza mtoto alilia sana mama yake alipoondoka. Siku ya tano alilia kidogo. Baadaye alijua kwamba mama huondoka, na mama hurudi.

MTOTO YUKOJE SASA?

Miezi minne ilipita ndipo nikarudi Gerezani. Nilifika kwa mlezi saa nne kasoro. Kabla sijaketi nilisikia kelele. Mtoto wetu alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa kiti, anapiga sufuria kwa kijiko. Aliponiona alinipigia kelele mimi. Kwenye kadi mstari ulikuwa umeanza kupanda. Haujafika unapotakiwa, lakini umepanda.

Mlezi akasema, "Mwanangu, huyu sasa ni mtundu. Hanipi nafasi."

Nikamjibu, "Mama, ashukuriwe Mungu."

Ndugu msomaji, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkulima anatazama mche wake asubuhi na jioni. Mtazame na mtoto wako. Jioni ukimchukua, usiulize tu, "Amelia?" Uliza pia, "Amecheka? Ameongea na nani?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Wakati wa kupalilia, watoto wa kijiji chetu chini ya miaka mitatu wanabaki na nani?
2. Tazameni kadi za kliniki za watoto wenu. Mstari unapanda, umelala au unashuka?
3. Kikundi chetu kinaweza kumlipa mlezi na msaidizi kwa fedha au kwa mazao? Hesabuni pamoja.
4. Mahindi ya uji wa watoto wetu yamekauka vizuri? Yamehifadhiwa wapi?

Tutaonana mwezi ujao. Tutarudi shambani.

Wenu,
Bwana Shamba